Rubani Aliyegeuza Uso

Kwa miaka mingi nilimjua kwa sauti na kwa viatu. Viatu vilikuwa vyeusi vya ngozi, vya kamba, vilivyobadilishwa soli mara nyingi kwa fundi mmoja wa Tukuyu. Nilivijua kwa sababu nilipokuwa nimechuchumaa kando ya njia, ndivyo pekee vilivyopita mbele ya macho yangu. Sauti niliijua kwa redio. Uso wake, mtu akiniomba niueleze, ningeeleza ule wa kwenye picha ya ukutani, aliyopigwa akiwa kijana, amesimama kando ya ndege ya kunyunyizia nzige dawa huko Rukwa. Na picha yenyewe ilikuwa imeliwa na unyevu hadi kidevuni.

Alikuwa baba wa mume wangu. Watu wa Kisondela, kijiji chetu, walimwita Rubani, na mimi nitamwita hivyo hapa. Jina lake sijawahi kulitamka, na sioni sababu ya kuanza sasa ambapo hawezi kuitika.

Habari za kuzaliwa kwake na za ukoo walishazisema wenye kuzijua, siku ile ya makaburini. Mimi nitaandika niliyoyaona, na zaidi niliyoyasikia.

Kwetu Wanyakyusa mke wa mwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Akimwona anakuja, anaacha njia. Akichelewa kumwona, anachuchumaa na kujifunika kitenge. Hali chakula naye, haingii alimo, hamwiti. Si chuki, ni heshima, na wengi siku hizi wameiacha. Mchungaji wetu alisema waziwazi kanisani kwamba Mkristo halazimiki kuishika. Rubani alikuwa mzee wa kanisa, amekaa benchi la mbele, na aliitikia amina kwa sauti. Ibada ilipokwisha akatoka kwa mlango wa pembeni ili mimi nitoke kwa mlango mkubwa, kama Jumapili zote.

Mume wangu alimwuliza siku moja, "Baba, wewe umeruka mpaka Lusaka. Haya mambo ya mkwe kujificha kwenye migomba bado unayataka ya nini?"

Akamjibu, "Kule juu nafuata sheria za watu. Huku chini niachieni hii moja ya baba yangu."

Niliyasikia hayo nikiwa nyuma ya ukuta wa jikoni. Mengi ya maisha yangu na mtu yule yalikuwa ya nyuma ya ukuta.

Nilipokuwa mgeni bado pale nyumbani, nilikuwa nachuma chai pamoja na wanawake wengine, ndege yake ikatokea chini chini ikielekea kiwanjani. Sikufikiri. Niliangusha kapu nikaingia chini ya migomba na kitenge kichwani.

"Mwali, unamkimbia nani?" akauliza mmoja.

"Baba mkwe anapita."

Wanawake wale walicheka mpaka wakaketi chini. "Huko juu anakuona wapi? Anaona mabati tu!"

"Mwacheni, huenda ameona miguu ya mkwe inaning'inia!"

Maneno yakamfikia mama mkwe, na mama mkwe akamfikishia mumewe. Tangu siku hiyo, kila alipopita juu ya shamba letu la chai, ndege ililala upande wa pili, bawa la upande wetu likainuka, ili dirisha lake litazame mbali. Wanawake wakazoea kuniambia, "Haya, mkweo anakupisha." Sikucheka. Nilipokuwa mwali katika nyumba ya watu, hicho kilikuwa kitu cha kwanza mtu wa nyumba ile kunifanyia bila kuombwa.

Ndege ilikuwa yake mwenyewe. Aliinunua miaka ile ya ruksa ya biashara binafsi, shirika la umma alilokuwa akilifanyia kazi lilipofilisiwa na mali zake kupigwa mnada. Wenzake walichukua viinua mgongo wakajenga, wakanunua mashine za kusaga. Yeye akarudi nyumbani na ndege nzee ya viti vinne, rangi yake imepauka kama kanga ya kushindia. Kiwanja kilikuwa cha shamba la chai, juu ya tuta la mlima, kimeachwa kikaota majani. Akaomba akitumie, akakubaliwa, na majani akawaachia ng'ombe wa jirani wayafyeke.

Kazi yake ilikuwa kuvusha watu na vitu ng'ambo ya milima. Hospitali moja ya kanisa ilimkodi kupeleka muuguzi na boksi la chanjo Makete na vijiji vya kando ya ziwa huko Ludewa, ambako gari lilikuwa likichukua siku na matope yake. Mara nyingine alibeba kipuri cha kiwanda cha chai. Mara nyingine mgonjwa. Hakuwa tajiri, ila mafuta yalipatikana na ndege iliruka, na hilo ndilo alilotaka.

Alikuwa mtu wa hodi. Alibisha hodi hata kwenye jiko la mkewe. Njiani alimsalimu mtu, akasikiliza jibu lote, habari za mgonjwa na za ng'ombe aliyepotea, kisha akamsalimu tena wanapoagana. Alisema ndege isiyobisha hodi ni jambazi. Na kweli, kabla magurudumu hayajaacha majani alikuwa ameshaita mnara wa Mbeya kusema ni nani, anatoka wapi, ana watu wangapi, atarudi saa ngapi. Alitumia neno lilelile la nyumbani. Waongoza ndege wa Mbeya walimjua. "Hodi yako imesikika, mzee, pita."

Kila asubuhi alisimama uani na kikombe cha chai ya tangawizi, anautazama Mlima Rungwe. Mlima ukiwa umevaa kofia ya wingu kabla hajamaliza kikombe, hakuondoka. Huku kwetu asubuhi huwa nyeupe kwa muda mfupi, kisha upepo wa ziwani unapanda na mawingu yake, na kuanzia hapo kila kitu ni ukungu na mvua. Kazi yake yote ilikuwa ndani ya ule muda mfupi.

Yapo mambo yake ambayo hayakukaa pamoja. Aliogopa basi. Alikaa nyuma ya dereva akinong'ona "punguza, punguza" mteremko mzima, hadi konda mmoja akamwambia, "Mzee, huku hakuna mawingu, tulia!" Alikuwa mzee wa kanisa asiyeimba, alishika kitabu cha nyimbo wazi na midomo imefungwa. Alimrudisha kwao mama mmoja wa Kikinga aliyefiwa na mtoto, akambebea na mwili, asitake hata asante, halafu akanuniana na mume wangu wiki nzima kwa sababu ya kopo la rangi. Diwani aliomba apandishwe ajionee kata yake kutoka juu. Rubani alimwambia, "Panda mlima, mheshimiwa. Ni bure na unafaa kiafya."

Kitu kimoja hakukibadilisha kwa mtu yeyote. Hakutaka kupendezeshwa. Ukimwuliza mama mkwe habari za nyumbani atakwambia njema hata kama paa limeondoka. Rubani alikasirika. "Usinipendezeshe, mama. Niambie ilivyo."

Katika mnara wa Mbeya palikuwa na mwongoza ndege mmoja mtu wa Tanga, Mwislamu, ambaye walizungumza naye kwa redio miaka mingi bila kufahamiana sura. Huyu alimwambia upepo, mawingu ya Mbeya, na ndege gani nyingine iko karibu. Rubani alimwita Bwana wa Mnara. Nyumbani alimtaja kama mtu anavyomtaja shemeji yake.

Kisha ubinafsishaji ukafika hadi angani. Kwanza tuliusikia kwenye habari za saa mbili: viwanda, benki, mashamba ya chai, na hii huduma ya kuongoza ndege nayo itatoka wizarani, ipewe kampuni ijiendeshe. Mume wangu alikuwa kiwandani, kiwanda nacho kinauzwa, hivyo kila mmoja nyumbani alikuwa na woga wake. Rubani aliitwa Dar es Salaam kwenye kikao cha wenye ndege. Alikwenda kwa basi, kwa sababu mafuta ya ndege mpaka huko hayakumudika. Siku ya tatu tangu arudi nilimsikia akimweleza mwanawe.

"Wenye ndege kubwa walikaa mbele. Sisi wa viti vinne tulikaa nyuma, karibu na mlango wa chai."

"Mlisema?"

"Nilinyoosha mkono. Wakaniambia, mzee, kwenye bodi atakaa anayelipia zaidi. Nikauliza, na asiyekuwa na cha kulipia ila ana roho nne ndani ya ndege? Mwenyekiti akasema swali zuri."

"Akalijibu?"

"Alisema ni zuri."

Mume wangu akaanza kuwalaani. Rubani akamkatiza. "Si watu wabaya. Mitambo ilikuwa imekufa, hilo usibishe. Mara ngapi nimeita Mbeya nikaambiwa umeme hakuna? Wanataka mnara usianguke. Ila mnara ukiwa wa kuuza, utamsikiliza mnunuzi."

Hivyo ndivyo ilivyokuja kuwa, na sitaongeza chumvi. Mitambo mipya ililetwa. Kisha kila hodi ikawa na ada. Kutoa taarifa ya safari, ada. Kusomewa hali ya hewa, ada. Kutua Mbeya, ada. Kwa ndege ya watu hamsini ni fedha ya soda. Kwa ndege yake ilikuwa sehemu kubwa ya mafuta ya safari. Hospitali ikasema haiwezi kuongeza, na ilisema kweli. Akazilipa zile ada. Akaacha nyama, akaacha kubadilisha soli, akalipa. Lililomshinda ni la saa. Mnara ulianza kufunguliwa kwa ratiba ya ndege kubwa, na ndege kubwa ilikuja mchana. Asubuhi yake nyeupe, ule muda mfupi wa kuvuka milima, hapakuwa na mtu wa kumsikiliza.

Mwezi mzima aliruka hivyo. Mama mkwe alisema alikuwa anarudi nyumbani amechoka kama mtu aliyekuwa akizungumza na ukuta. Aliita, akasema jina lake na safari yake yote, akanyamaza kungoja jibu, halipo. Alibisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu, kila siku, kwa sababu hakujua kuingia bila hodi.

Bwana wa Mnara naye alipunguzwa kazi. Badala ya kurudi Tanga alifungua duka la misumari na rangi pale Tukuyu, karibu na soko. Siku moja akapanda kuja Kisondela kumwona rafiki yake wa sauti. Nilikuwa jikoni, nikasikia Rubani akitoka uani, kisha yule mgeni akicheka.

"Kumbe ni mfupi hivi! Miaka yote nilikuwa naongea na jitu."

"Na wewe sauti yako ilikuwa nyembamba," akasema Rubani. "Nilijua nitakuta mtu aliyekonda."

"Nilikonda kweli, kaka. Nimenenepa kwenye misumari."

Ni yeye aliyeleta wazo. Hospitali ilikuwa na redio koli ya akiba, na kibali kingeombwa. Ifungwe nyumbani Kisondela, waya upitishwe kati ya mikaratusi miwili, betri ya gari ichajiwe Tukuyu. Mtu akae hapo Rubani anapokuwa juu, amwambie kiwanja kikoje, na ajue ametoka na hajarudi. Bwana wa Mnara mwenyewe angekaa, lakini duka halikumruhusu. Mume wangu alikuwa na zamu. Mama mkwe masikio yalikuwa yameanza kwenda. Akabaki mtu mmoja mwenye darasa la saba na masikio mazima, naye ndiye mtu pekee katika Rungwe nzima asiyeruhusiwa kuongea na Rubani.

Walikaa kikao juu ya jambo hilo, ndugu wa Rubani na wake zao. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta. Mjomba mmoja alisema haiwezekani, mwingine akasema hata simu watu wanapigiana. Wakabishana: je, kumsikia mkwe ni sawa na kukutana naye? Je, akikohoa? Mwishowe mama mkwe, ambaye walidhani hasikii, akagonga fimbo.

"Ledio haina uso," akasema kwa Kiswahili chake. "Sauti ikishapita kwenye nyaya si yake tena, ni ya nyaya. Mwali atakaa."

Redio ikafungwa nyumbani kwangu, juu ya kabati la vyombo. Bwana wa Mnara akanifundisha kwa siku chache. Alinicheka sana. "Nyie Wanyakyusa! Kwetu mkwe tunakula naye sahani moja."

"Kwetu mngelala na njaa, kila mtu anamwachia mwenzake."

"Haya. Akikuuliza hali ya hewa, utasema nini?"

"Nzuri."

"Nzuri ya nani? Sema unachokiona, dada. Mlima unaonekana mpaka wapi. Mfuko wa upepo pale kiwanjani umeelekea wapi. Ng'ombe wapo au hawapo."

"Na kama sioni kitu?"

"Unasema huoni kitu. Hilo nalo ni jibu. Na neno la mwisho: humwachi. Ukishamwitikia, hutoki hapo mpaka aseme yuko chini. Hata ugali uungue."

Mimi na Rubani tuliitana kwa majina ambayo hayakuwa majina. Yeye alikuwa Ndege, mimi nilikuwa Kisondela. Asubuhi ya kwanza niliketi mbele ya redio, kidole kando ya kitufe cha kusemea.

"Kisondela, Kisondela, hodi. Unanisikia? Ova."

"Ndege, nakusikia." Nikasahau kusema ova, yaani nimemaliza, zamu yako. Akangoja. Nikakumbuka. "Ova."

"Ndaga fijo," akasema, asante sana. Hilo lilikuwa neno la kwanza baba mkwe kuniambia, na nilikuwa nimeshamzalia wajukuu wawili.

Tulifanya hivyo kwa miaka kadhaa. Sitaki mtu afikiri tulikuwa na mazungumzo. Ilikuwa mlima, upepo, ng'ombe. Lakini ukimwambia mtu kweli kila asubuhi, na yeye akaweka roho yake juu ya neno lako, unamjua. Nilijua akiwa amelala vibaya. Nilijua akiogopa, kwa sababu alianza kuongea taratibu. Mara moja akiwa juu ya milima ya Ukinga aliniambia, bila kuulizwa, kwamba ziwa lote linaonekana na limetulia kama maziwa kwenye bakuli. Kisha akaongeza haraka, "Hiyo si taarifa. Ova." Alipotua, kila mara, alisema, "Kisondela, niko chini. Ndaga." Hapo ndipo nilipokwenda kuwasha moto.

Siku iliyomaliza mambo ilianza nyeupe. Mlima ulikuwa wazi hadi kileleni alipomaliza chai, na aliondoka na muuguzi kwenda upande wa ziwa. Wakiwa huko, ukungu ulipanda mapema kuliko kawaida, ukitokea chini mabondeni kama maji yanayojaa. Niliona ukimeza migomba ya kijiji cha Masukulu, kisha shule, kisha mikaratusi yetu.

"Kisondela, hodi. Nimeshavuka milima. Nipe kiwanja. Ova."

"Ndege, mlima siuoni. Kiwanja sikioni kutoka hapa. Ova."

"Nimeita Mbeya. Sipati mtu. Sijui kama kuko wazi." Aliongea taratibu. "Mafuta ya kwenda kubahatisha Mbeya na kurudi sina. Nenda kakiangalie. Nakusubiri. Ova."

Nilikimbia. Nusu ya chini ya kiwanja, ile ya upande wa ziwa, ilikuwa wazi, inang'aa kwa umande. Nusu ya juu ilikuwa imeliwa, na ukungu umesimama pale katikati kama ukuta wa nyumba. Nikarudi nikamwambia hivyo, sikupunguza, sikuongeza.

"Ukuta hauhami?"

"Umesimama. Ova."

"Nitaingia kwa chini. Lakini nikiwa juu ya majani sitajua palipo wazi panaishia wapi. Nahitaji kitu cheupe pale pale ukuta unapoanza. Mtu ashike shuka."

Nyumbani palikuwa na mimi na mama mkwe, na mama mkwe alikuwa hawezi ile njia. Nilibonyeza kile kitufe.

"Ndege, itabidi nikuone. Ova."

Nilisikia injini yake, kwa redio na kwa mbali juu ya bati.

"Kisondela, hata mimi itabidi. Ova."

Nilitandua shuka kitandani nikakimbia. Nilisimama katikati ya kiwanja, ukungu ukinigusa mgongo, nikainua shuka kwa mikono miwili juu ya kichwa. Ndege ilitokea kwa chini, ndogo, kisha kubwa. Ikagusa majani, ikaruka kidogo, ikagusa tena, ikaja inanijia inapunguza mwendo. Sikukimbia. Nilimwona nyuma ya kioo: kofia, miwani, na chini ya miwani uso wa mzee. Naye akaniona.

Akageuza uso.

Aliugeuza kando kabisa, kama alivyokuwa akifanya njiani miaka yote, na mkono ukafuata uso. Ndege ikaacha mstari, ikachepuka kushoto, gurudumu likaingia kwenye mtaro wa maji. Bawa likashuka likachimba udongo. Pangaboi likapiga ardhi, likapinda, likanyamaza.

Mlango ukafunguka. Muuguzi alitoka wa kwanza, mama mtu mzima wa Tukuyu, kilemba kimemwangukia shingoni, boksi la chanjo kifuani.

"Mzee! Tulikuwa tumeshafika! Ulikuwa unaangalia wapi?"

Rubani alitoka akiwa amenipa mgongo. Alisimama anautazama mkia wa ndege yake. "Mbele yangu palikuwa na mkwe," akasema.

Muuguzi alinitazama mimi na shuka langu, akamtazama yeye, akaketi kwenye majani akacheka mpaka akalia, kisha akalia tu. Mimi nilijifunika lile shuka nikaondoka kwa upande. Nilipofika kwenye migomba nilimsikia akisema, bila kugeuka, kwa sauti ya redio: "Kisondela, niko chini. Ndaga."

Wakaja wakaguzi. Waliandika kwamba ni kosa la rubani. Aliwaambia wameandika sawa. Mume wangu alitaka aseme habari za mnara, kwamba Mbeya ilikuwa wazi asubuhi ile nzima, tulikuja kujua baadaye, na kwamba angekuwapo mtu wa kumwambia hivyo asingekuja kutafuta shuka kwenye ukungu. Akasema, "Hilo nalo ni kweli. Lakini aliyegeuza uso ni mimi." Wakaguzi wakaandika la pili, la kwanza wakasema halina sehemu yake.

Matengenezo hayakuwezekana. Pangaboi peke yake lilihitaji kuagizwa nje, na hata kama lingepatikana, ada zilikuwa zimepanda tena. Mwenye duka la misumari alikuja, wakakaa uani muda mrefu. "Wadogo tumeisha, kaka," akasema. Rubani akamjibu kwamba hawajaisha, wameshuka tu. Hospitali ikarudi kwenye gari na matope. Muuguzi yule alituambia kwamba kuna vijiji vya kando ya ziwa alivyovifikia mara moja tu mwaka uliofuata.

Ndege ilikaa chini ya turubai, kuku wakataga kwenye kiti cha nyuma. Baadaye walikuja watu wenye lori wakainunua kwa kilo. Rubani hakutoka kuangalia. Shamba la chai likapata mwenyewe mpya, kiwanja kikapimwa, kikapandwa parachichi. Yeye hakuwa akipita tena upande ule, na hakuna aliyemwambia. Redio ilibaki juu ya kabati langu. Hakuna aliyesema iondolewe.

Nilipata kumsikia mara moja tu baada ya hapo, kwa namna ya kusikilizana. Mama mkwe alikuwa ameshatangulia. Rubani alikuwa amelala, kifua kimejaa, na tulimhamishia nyumbani kwetu kwenye chumba kinachopakana na jiko. Mume wangu alimwogesha na kumlisha. Mimi nilipika uji, nikauacha mlangoni.

Asubuhi moja nyeupe, mume wangu akiwa amekwenda Tukuyu kufuata dawa, nilikuwa nakoroga uji. Nikasikia kidole kikigonga ukuta: ngo, ngo, ngo.

"Kisondela, hodi. Unanisikia?"

Niliacha mwiko. Redio ilikuwa sebuleni, imezimwa miaka. Hapa palikuwa na matofali tu. Nikaketi chini nikaegemea ukuta.

"Ndege, nakusikia. Ova."

Akapumua. "Nipe mlima."

Nikanyoosha shingo nikatazama mlangoni. "Mlima uko wazi mpaka kileleni. Kofia hakuna."

"Upepo?"

"Bado haujaamka. Moshi wa jirani unapanda wima."

"Kiwanja?"

Ningeweza kusema kiwanja ni kikavu. Ningeweza kusema ng'ombe wametolewa. Nilijua alichotaka kusikia, na nilijua alichonifundisha.

"Ndege, kiwanja hakipo. Kimepandwa parachichi, safu kwa safu, miti imeshanipita kimo. Huwezi kutua hapo. Ova."

Nikadhani nimemuumiza. Kisha nikamsikia akicheka, kicheko kidogo kilichoishia kwenye kikohozi.

"Ndaga fijo," akasema. "Wengine wote wananiambia majani yamekatwa." Akapumzika. "Basi nitabaki juu kidogo. Usiondoke."

"Siondoki. Ova."

Uji ulichemka ukafurika, ukazima moto upande mmoja. Jua likaingia mlangoni likafika miguuni pangu. Nilisikia pumzi yake upande wa pili, ndefu, kisha za kuhesabika, kisha sikusikia vizuri. Mume wangu alirudi na dawa kwenye mfuko, akasimama mlangoni akinitazama nilivyokaa sakafuni, sufuria imeungua.

"Mama, mbona hujaepua?"

Nikamwonyesha kwa mkono anyamaze. Hakuwa amesema yuko chini.